Windows 10 Imefika Mwisho, na Rejista ya Maji Bado Iko Ndani

Nimekuwa kimya kwa muda, na baadhi yenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Desemba ya 2025 nilienda nyumbani, upande wa Nkubu katika Kaunti ya Meru, nikakaa siku tano nikihangaika na swali ambalo hapa Embu nilikuwa nimelijibu kabla chai haijapoa: kompyuta ya nyumbani ihamishwe kutoka Windows 10, au iachwe ilivyo?

Yangu haikunipa taabu. Ni kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane, kwa hiyo Windows 11 iliikubali bila maneno mengi. Niliianzisha usiku, asubuhi nikakuta kazi imekwisha. Kilichoniudhi ni kitufe cha Start kuhamia katikati ya skrini, nikakirudisha kushoto. Mimi huandika programu, na kila ninachoandika kinaenda kwenye sava siku hiyo hiyo. Kompyuta yangu ikiungua leo, kesho nitaendelea na nyingine huku nikilia pesa zangu tu.

Ya Baba ni kesi nyingine. Baba ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, ndiyo maana mpaka leo hasemi kompyuta. Kwake ni tarakilishi, na laptopu ni kipakatalishi, na ukikosea atakusahihisha mbele ya wageni. Tangu astaafu amekuwa mweka hazina wa mradi wa maji wa kijiji. Kwa wasiojua kwetu, sehemu nyingi za miteremko ya Mlima Kenya, Embu mpaka Meru, watu hawakungoja kuletewa maji. Walichanga, wakanunua mabomba, wakachimba mitaro kwa mikono yao na kuyateremsha maji kutoka mtoni huko juu karibu na msitu, kwa nguvu ya mteremko tu, bila pampu. Ukichanga unaunganishiwa. Usipochanga, bomba linapita mbele ya boma lako na hupati tone. Kwa hiyo rejista ya michango ndiyo hati ya kila mtu. Ikisema ulilipa, ulilipa. Na rejista hiyo iko kwenye laptopu ya Baba, ndani ya faili moja la Excel.

Alinipigia simu Oktoba. "Kijana, kipakatalishi kinasema hakitahudumiwa tena. Maana yake nini?" Kabla sijajibu akaongeza: "Na ukija, usiguse kitu kabla hatujaongea."

Hayo maneno ya mwisho yana historia yake, na lazima niwaambie ingawa yananiaibisha.

Mwaka 2010 nilikuwa mwanafunzi wa chuo mwenye diski ya Windows 7 kwenye begi na kiburi cha kutosha. Windows 7 ilikuwa imetoka tarehe 22 Oktoba 2009, na kila mtu aliyejua kompyuta kidogo alikuwa anaizungumzia. Vista, iliyotangulia, ilikuwa imewachosha watu, wengi walikuwa wameiruka kabisa na kubaki na XP. Baba alikuwa na kompyuta ya mezani ya mtumba, Pentium 4, yenye XP iliyojaa virusi vya flashi kutoka saiba. Ilikuwa nzito. Nikamwambia, "Baba, niachie mpaka jioni."

Sasa, kutoka XP kwenda Windows 7 hakukuwa na njia ya moja kwa moja. Ilibidi usakinishe upya. Usipofomati diski, vitu vyako vya zamani vinawekwa kwenye folda inayoitwa Windows.old na unaweza kuvitoa humo baadaye. Ukifomati, vimekwenda. Mimi niliamua kufomati ili virusi viishe kabisa. Nikanakili folda nzima ya My Documents kwenye flashi ya gigabaiti 2, nikaridhika, nikafomati.

Rejista ya maji haikuwa kwenye My Documents. Ilikuwa pale juu ya skrini, kwenye Desktop, mahali ambapo Baba angeiona kila akiwasha mashine. Katika XP, Desktop ni folda nyingine kabisa, ndugu yake My Documents na wala si mtoto wake. Nilikuwa nimeliona hilo faili kwa macho yangu asubuhi ile.

Programu za kufufua mafaili nilizijaribu kwa siku mbili. Lakini mfumo mpya ulikuwa umeshaandikwa juu ya diski ile ile, na nilichopata ni vipande visivyofunguka. Miaka mitatu ya michango, tangu 2007, ya kaya zaidi ya mia. Hii ilikuwa wiki chache baada ya kura ya maamuzi ya katiba ya Agosti 2010, wakati watu walikuwa bado na moto wa kuuliza maswali kwenye mikutano. Baba alisimama mbele ya wanachama kwenye uwanja wa shule ya msingi akasema rejista imepotea. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya kusikika, "Imepotea au imeliwa?"

Baba alizunguka boma kwa boma akiwa na daftari, kuanzia Septemba mpaka karibu Krismasi, akiomba watu wamtolee risiti zao. Wengine walikuwa wamezitunza ndani ya Biblia. Wengine panya walikuwa wamezila. Kaya kumi na moja hazikuwa na risiti wala yeye hakuwa na nakala ya kaboni, na kila mmoja alisema alilipa yote. Baba aliwaandika wote kuwa wamelipa, na pengo akaliziba kutoka kwenye pensheni yake. Mimi sikuambiwa hilo. Nililijua miaka mingi baadaye, kutoka kwa Mama.

Na jambo linaloniuma zaidi kama mtu wa kazi hii ni kwamba hapakuwa na haja. Microsoft ilikuwa imeahidi kuihudumia XP mpaka tarehe 8 Aprili 2014. Tulikuwa na miaka karibu minne mkononi.

Basi turudi 2025. Tarehe 14 Oktoba mwaka huo Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, miaka kumi na kidogo tangu itoke Julai 2015. Watu wengi walidhani kompyuta zingezimika siku hiyo. Hapana. Kompyuta inawaka, Excel inafunguka, printa inachapa. Kinachokoma ni masasisho ya usalama ya kila mwezi. Tundu likigunduliwa kwenye mfumo, halizibwi.

Je, hilo lina uzito gani kwa mzee mmoja Nkubu? Nitawapa mfano mmoja ninaoupenda. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea katika nchi zipatazo 150, kikafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 na kudai malipo. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Tundu kilimopitia lilikuwa limezibwa na Microsoft tarehe 14 Machi mwaka huo huo, miezi miwili kabla. Wengi hudhani waathirika walikuwa watu wa XP. La. Wengi wao walikuwa na Windows 7, mfumo ambao wakati huo ulikuwa bado unahudumiwa, ila hawakuwa wamesakinisha kile kiraka. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, umri wa mfumo si kitu cha kwanza cha kuangalia. Angalia kama viraka vinafika, na kama vikifika vinawekwa.

Na kirusi cha aina hiyo hakihitaji kukujua. Hakimtafuti mweka hazina wa maji wa Nkubu. Kinapiga hodi kwenye kila mlango, na mlango usio na komeo kinaingia.

Laptopu ya Baba ni HP EliteBook 840 G3, moja ya zile mitumba za ofisi za Ulaya ambazo wauzaji wetu huziita "eksi-yukei" hata kama hazikuwahi kuiona Uingereza. Nilimnunulia mimi. Prosesa yake ni Core i5-6300U ya kizazi cha sita, iliyotoka 2015. Ina RAM ya gigabaiti 8 na diski ya SSD. Kwa kazi ya Baba ni farasi. Lakini Windows 11, kwa upande wa Intel, inataka kizazi cha nane kuendelea, ukiacha prosesa chache mno za kizazi cha saba. Inataka pia chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0. Hiyo chipu laptopu ya Baba inayo. Kilichoikwamisha ni prosesa tu, ambayo ina nguvu mara kadhaa ya ile Pentium 4 tuliyolazimisha kubeba Windows 7. Sababu iliyotolewa ni ulinzi: prosesa mpya zina uwezo wa kuutenga moyo wa mfumo na programu nyingine bila kuipunguzia mashine kasi. Ni sababu ya kweli. Lakini ukisimama kwenye duka lolote la laptopu za mtumba Meru au Embu ukahesabu mashine nzima kabisa zilizoachwa nje ya geti kwa sababu hiyo, utaona wazi kwamba aliyepanga masharti hayo hakuwa anawafikiria wanunuzi wa mitumba.

Kabla ya kusafiri nilikuwa nimepata mazoezi kidogo hapa Embu. Mji huu ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki mpaka kaunti zilipoingia 2013, na mazoea ya watu kuja mjini kushughulikia karatasi hayajaisha. Saiba bado zina kazi. Mama mmoja ninayemfahamu ana saiba yenye kompyuta sita, na swali lake lilikuwa lile lile la Baba. Nikakaa naye siku moja nikitazama wateja. Mmoja alikuja kulipia huduma kwenye eCitizen, mwingine kuwasilisha ritani za KRA, kijana mwingine fomu ya HELB. Wote walichapa nywila zao kwenye mashine hizo. Wengine walimtajia yeye nywila kwa sauti ili awachapie! Mashine ya namna hiyo ikiingiwa na programu ya kunakili kila kinachochapwa, anayeibiwa ni nusu ya mji.

Kwake niliona jibu haraka. Mbili kati ya zile sita zilikubali Windows 11. Nne zilizobaki, biashara iliyotaka kuendelea na viraka vya Windows 10 ilitakiwa kulipa dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, yaani karibu shilingi elfu nane, na bei inarudufishwa kila mwaka mpaka mwaka wa tatu. Hiyo ni hesabu ya benki, saiba ya mama huyu haiiwezi. Lakini wateja wake wanatumia nini? Kivinjari na printa. Tukaziwekea zote nne Linux Mint 22, ambayo ni ya bure na itahudumiwa mpaka 2029. Wiki ya kwanza wateja waliuliza kwa nini skrini imebadilika rangi. Wiki ya pili hawakuuliza.

Kwa hiyo nilipanda matatu kwenda Meru nikiwa na jibu tayari mfukoni, kwenye flashi. Runyenjes, Chuka, Chogoria, njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Baba. Mtaona kwamba miaka kumi na mitano haikunitoa kiburi chote.

Baba alikuwa amejiandaa kuliko mimi. Alikuwa na karatasi yenye maswali, yamepigwa nambari, kwa mwandiko wa ubaoni. La kwanza: "Rejista itabaki ilivyo?" La pili: "Risiti zitaendelea kutoka?" La tatu: "Wewe usipokuwepo, nani atanisaidia?"

Hilo la tatu ndilo lililoniangusha, lakini tuanze na ya kwanza.

Uzuri wa Linux Mint ni kwamba unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Nikamwonyesha. Ikawaka, ikashika mtandao wa simu yangu, printa ikajitokeza yenyewe. Rejista ikafunguka kwenye LibreOffice na majina yote yakawa pale. Baba akafurahi kidogo, na mimi nikapata nafasi ya kumsimulia kwamba ukoo wa programu hiyo umewahi kuwa na mtoto wa Kiswahili: Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Akataka kujua walitumia neno gani kwa "faili". Nikamwambia walitumia "faili". Akatikisa kichwa kama mtu aliyetegemea zaidi.

Kisha akabonyeza kitufe cha kuchapa risiti. Kimya. Akabonyeza tena. Kukaja kisanduku cha kosa.

Kitufe hicho nilikiandika mimi, mwaka 2018, kwa VBA, lugha ndogo inayokaa ndani ya Excel. Kinachukua jina, kiasi na tarehe, kinajaza risiti, kinachapa nakala mbili. LibreOffice inaielewa VBA kwa kiasi, na kiasi hicho hakikutosha. Nikamwambia, "Hilo ni la siku mbili tu, nitakiandika upya." Akanitazama. "Na kikikataa tena Machi?" Nikasema nitapigiwa simu. Akasema fundi wa pale sokoni Nkubu anajua Windows, na kijana wa jirani anajua Windows, na binti wa katibu anajua Windows. Linux naijua mimi peke yangu, na mimi niko Embu.

Sikuwa na jibu. Linux ilikuwa inamfaa mwenye saiba kwa sababu ana mimi umbali wa dakika kumi kwa miguu. Ukiniondoa, hesabu inabadilika. Sisi watu wa programu hupenda kusahau kipengele hicho kwa sababu hatuhitaji fundi, sisi ndio fundi.

Njia ya pili ilikuwa kuilazimisha Windows 11. Inawezekana, na vijana wengi wanafanya. Unatengeneza flashi kwa programu ya Rufus, unaweka alama ya kuruka ukaguzi, inasakinishwa. Kwenye i5 ya kizazi cha sita ingekwenda vizuri tu. Lakini Microsoft inasema wazi kwamba mashine isiyotimiza masharti haina dhamana ya kupata masasisho. Na lipo jambo ambalo wanaouza huduma hiyo hawasemi: Windows 11 hutoa toleo jipya kila mwaka, na kila toleo kwa watu wa nyumbani huhudumiwa miezi 24. Mashine iliyolazimishwa haipelekewi toleo jipya kwa njia ya kawaida. Mtu lazima aje na flashi nyingine, arudie ule ujanja. Mtu huyo ni mimi, na faili lenyewe hupita gigabaiti 5, kwenye nyumba inayotegemea bando za simu. Tena ningekuwa naweka rejista ya watu zaidi ya mia juu ya ahadi ambayo hakuna aliyeitoa. Hapana.

Ya tatu, kununua laptopu nyingine. Niliulizia: 840 G5, ndugu mdogo wa hii yenye prosesa ya kizazi cha nane, ilikuwa zaidi ya shilingi elfu ishirini na tano. Nikasema nitanunua. Baba akakataa papo hapo, na sababu yake sikuitarajia. "Kipakatalishi ni changu, lakini rejista si yangu. Ukininunulia wewe, siku moja wataniuliza kwa nini mali ya mradi iko kwenye zawadi ya mtoto wangu." Kumbe hata ile ya kwanza ilikuwa imemsumbua miaka yote hiyo.

Akawaita mwenyekiti na katibu. Wakaja Alhamisi jioni, Mama akapika, na nikajikuta naeleza masuala ya mifumo ya uendeshaji kwa watu watatu wanaosimamia maji. Mwenyekiti aliuliza swali moja tu: "Maji yatakatika?" Nikasema hapana. Akaendelea kula. Katibu, dada mmoja mwalimu wa shule ya jirani, aliuliza lililo zito zaidi: "Kwani nakala ziko ngapi?"

Moja, na nyingine kwenye flashi ambayo Baba huiweka kwenye begi lile lile la laptopu. Yaani mwizi akibeba begi, amebeba zote mbili.

Dada yule hakusema kitu. Aliweka kijiko chini.

Tukaamua hivi. Microsoft ilikuwa imefungua mpango wa mwaka mmoja wa viraka vya usalama kwa watumiaji wa nyumbani, uliotangazwa kuishia tarehe 13 Oktoba 2026. Kulikuwa na njia tatu za kuingia: kulipa dola 30, karibu shilingi 3,900, kutumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au bila malipo ukikubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye OneDrive. Zote zinataka uwe na akaunti ya Microsoft, kitu ambacho Baba hakuwa nacho. Laptopu ni yake binafsi, hivyo ikaingia kwenye mpango wa nyumbani, kwa ile njia ya bure. Mwaka huo ni wa kamati kukusanya pesa. Laptopu mpya itaingizwa kwenye bajeti ya mkutano mkuu wa wanachama, kwa jina la mradi, na siku ya kuhama kitufe changu cha VBA kitahama nacho kikiwa mzima.

Kama mngeniuliza kabla sijaondoka Embu, ningewaambia kuongeza mwaka mmoja ni kuahirisha tatizo. Ni kweli ni kuahirisha. Lakini mwaka 2010 nilikuwa na miaka minne ya kuahirisha na sikuitumia.

Kabla ya kugusa chochote, tulifanya nakala. Hii ndiyo sehemu iliyochukua muda mrefu kuliko zote. Nilinunua flashi mbili mpya na nikanakili. Baba alisimama nyuma yangu. "Fungua hiyo nakala kwenye kipakatalishi chako." Nikafungua. "Soma." Nikadhani anatania. Akavuta kiti, akafungua daftari lile la 2010, lile alilozunguka nalo boma kwa boma, na kunihimiza nisome majina kwa sauti, na kiasi, na tarehe, naye akiweka tiki kwa kalamu nyekundu. Nilipofika kaya ya arobaini nikasema, "Baba, faili likifunguka limefunguka, haliwezi kupoteza mistari." Akasema, "Endelea."

Tulimaliza saa tano usiku. Tulipata makosa mawili, yote ya kuchapa, ya miaka mingi iliyopita. Mtu mmoja alikuwa ameandikiwa shilingi 500 pungufu ya alizolipa. Kesho yake Baba alikwenda kumwambia.

Nilipokuwa nafungafunga nilitazama Desktop ya laptopu yake. Ilikuwa tupu kabisa, hakuna faili hata moja, ila pipa la taka. Sikumwuliza tangu lini.

Flashi moja iko kwa katibu. Nyingine Mama ameifunga kwenye nailoni na kuiweka kwenye sanduku la hati za shamba. Akaunti ya Microsoft tuliifungua kwa simu ya Baba, nywila akaiandika mwenyewe na hakunionyesha, na hapo nilijivunia sana mwanafunzi wangu. Ujumbe wa kukubaliwa kwenye mpango ulikuja jioni ile, viraka vikaanza kushuka polepole kwa bando la Mama.

Asubuhi ya kuondoka nilikuta amebandika utepe wa karatasi juu ya kifuniko cha laptopu, na ameandika kwa mwandiko ule wa ubaoni: 13/10/2026. Chini yake, kwa herufi ndogo: Mwanangu asiguse akiwa peke yake.